Tulivyomgawa Nesi Kama Maji

Nesi wetu anaitwa Nashipae. Ni Mmasai wa tambarare, upande wa Ruvu, na amekaa na sisi Wapare wa mlimani miaka saba. Alimuuguza mke wangu. Mimi nami nusura nimpoteze kwa mikono yangu, kwa hiyo habari zake inafaa nizieleze mimi.

Alikuja mwezi wa sita, wakati wa baridi. Pikipiki ilimpandisha kutoka Kisiwani ikamshusha mbele ya zahanati na begi moja, ndoo, na godoro lililofungwa kwa kamba. Nesi aliyemtangulia alikuwa ameondoka mwaka mzima nyuma, na kitasa cha mlango kilishaota kutu. Tulikuwa wanaume watano tunafyeka nyasi. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akauliza, "Wenzangu wako wapi?"

Gadiel, mwenyekiti wetu wa kijiji, akasema, "Wenzako gani?"

"Niliambiwa zahanati hii ni watu watano."

"Hiyo ni kwenye karatasi. Hapa yupo Yudith tu."

Yudith ni mhudumu. Anafagia, anachemsha vyombo, anaita majina. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, akacheka. Nesi naye akacheka. Kisha akavua koti, akauliza kama upo ufagio wa pili.

Watu walimzoea upesi kwa sababu alijua kujibu. Shemeji yangu Victoria, mdogo wake mke wangu, ana mdomo. Siku ya kwanza alipokwenda kupimwa presha, alikaa kitini akamwambia, "Babu zako walichukua ng'ombe wa babu yangu. Kumi na wawili."

Nesi akasema, "Mungu alitupa ng'ombe wote sisi, bibi. Tulikuja kuchukua wa kwetu."

"Basi leo utawarudisha."

"Leo narudisha dawa. Nyoosha mkono."

Makande aliyakataa wiki ya kwanza. Alisema mahindi na maharage kwenye sufuria moja ni chakula cha mtu aliyechoka kuchambua. Mwezi wa pili alikuwa anakuja majumbani na bakuli lake mwenyewe.

Kazi yake niliiona. Asubuhi kliniki ya watoto na wajawazito, halafu wagonjwa mpaka jua linaegemea, halafu kuandika. Kila aliyepita pale lazima aingie kwenye kile kitabu kikubwa wanachokiita MTUHA, jina lake, umri, ugonjwa, dawa aliyopewa. Mwanamke akishikwa na uchungu, kazi inaanza upya. Watu elfu mbili, nesi mmoja.

Mke wangu Dorkas aliugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali ya Same walimpa dawa wakasema awe anarudi kila mwezi. Pikipiki hakuiweza, ikabidi gari la kukodi, kushuka na kupanda. Mbuzi wakaenda mmoja mmoja. Walipokwisha, nesi akaniambia, "Babu, sasa nitakuja mimi." Akawa anaongea na daktari wa Same kwa simu, anapewa maelekezo, na mara mbili kwa wiki anakuja nyumbani kwangu kwa miguu. Ni mwendo wa saa nzima, kilima tupu.

Siku moja alasiri alikuwa anampima Dorkas presha. Ameinama kitandani, vile vya kusikilizia viko masikioni. Akafumba macho asikilize. Hakuyafumbua. Alilala hivyo hivyo, kainama.

Nikataka kumwamsha. Dorkas akanikataza kwa kidole. Mkono wake ulikuwa umebanwa na kile kitambaa, unavimba, na hakuutikisa. Tukakaa hivyo watu watatu, mmoja amelala.

Alipozinduka akasema, "Mia na arobaini." Alikuwa hajasikiliza kitu.

Dorkas akasema, "Ndiyo, mwanangu."

Alipoondoka, Dorkas akaniambia, "Baba Elinaza, huyu mtoto mtamuua."

Mke wangu alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Nesi alikuwepo. Hakuteseka siku ile. Hapo naishia.

Kazi yangu mimi, miaka thelathini na moja sasa, ni kusimamia zamu za maji. Tuna ndiva, bwawa letu la udongo. Usiku maji ya mfereji yanakusanyika humo, asubuhi nayafungulia yaende mashambani kwa zamu. Jumatatu kitongoji hiki, Jumanne kile. Anayefungulia nje ya zamu yake anatozwa. Kwa utaratibu huo tangawizi yetu haijawahi kukauka, hata miaka ambayo Kisiwani wanalia. Kwa hiyo nilipokaa peke yangu na yale maneno ya Dorkas, nilifikiri kwa namna ninayoijua.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji. Nesi alikuwa zahanati, hakuja. Nikasema nesi ni mmoja, tunamchota wote kwa wakati mmoja, atakauka. Tumgawe. Vitongoji viko sita, siku za kazi ni sita. Kila kitongoji siku yake, na kwa siku hiyo watu watano. Mjamzito, mtoto anayechemka na mtu anayetokwa damu waende siku yoyote. Wengine wasubiri zamu.

Victoria akauliza, "Na kichwa changu kikiuma siku ya watu wa juu?"

"Utakunywa tangawizi."

"Nimekunywa tangawizi miaka sitini, shemeji. Ndiyo maana naenda kwa nesi."

Watu walicheka. Lakini mikono ilinyanyuka yote, na wa Victoria ulikuwamo. Maana kila mmoja alikuwa amemwona nesi akisinzia mahali. Tukakubaliana pia asiambiwe. Angekataa. Yudith akapewa kazi ya kusimama getini na kuwarudisha kwa upole waliozidi watano.

Mambo yakaenda. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Benchi la zahanati likawa na watu watano, wakiisha wameisha. Nesi akaanza kula mchana wakati wa mchana. Akalima mchicha nyuma ya zahanati. Mashavu yakarudi. Nikipita nikamwona amekaa kivulini na kikombe cha chai, nasema moyoni, Dorkas, unaona.

Mwezi wa saba alinikuta njiani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Watu wameenda wapi?"

"Wapo. Wazima."

"Wote?"

"Mwaka huu hewa ni nzuri."

Akanitazama. "Bibi Victoria hajaja kuchukua dawa zake mwezi wa pili huu."

"Yule ni mzima kuliko mimi."

Akasema, "Babu, kama nimewakosea, niambie wewe. Nisisikie kwa watu."

"Hujamkosea mtu," nikasema, nikaenda zangu. Niliona nimejibu vizuri.

Barua kutoka wilayani ilikuja katikati ya mwezi wa tisa. Yake alipewa mwenyewe, na nakala ikaja kwa mwenyekiti. Gadiel akatuita wachache ofisini kwake. Mimi kusoma ni polepole, kwa hiyo Yudith akasoma kwa sauti.

Barua ilisema zahanati yetu ilikuwa inahudumia watu mia tisa kwa mwezi, na sasa ni mia na themanini. Ilisema kituo kimoja cha tambarare kina foleni mpaka nje ya geti na wauguzi hawatoshi. Kwa hiyo nesi Nashipae ahamie huko kuanzia tarehe mosi mwezi wa kumi. Hapa kwetu atakuwa anapanda nesi mwingine kwa zamu, Jumanne na Ijumaa.

Nilimwomba Yudith arudie hapo kwenye zamu. Akarudia. Nilikuwa nimesikia sawa.

Victoria akasema, "Shemeji, umefunga mfereji, maji yamekwenda kwa jirani."

Hakuna aliyecheka.

Gadiel akasema, "Hili dogo. Watu elfu mbili tunao. Tuandike majina, kitabu kitajaa kwa siku moja."

"Kitabu hakishiki mtu ila yeye," Yudith akasema. "Na mtu mzima hamwandiki mgonjwa. Mnamjua."

"Basi tuugue."

"Ugua wewe, mwenyekiti. Una tumbo la kuanzia."

Hapo wakacheka kidogo. Aminieli, kijana wa jirani yangu, alikuwa amekaa mwisho karibu na mlango. Akasema, "Mimi naumwa kweli." Akanyoosha mguu, akafungua kitambaa.

Alijikata na jembe kwenye shamba la tangawizi. Wiki tatu zilizopita. Damu ilipokatika akaona si wa dharura tena, akasubiri zamu. Kitongoji chao kina wazee wengi, watano walikuwa wanatimia kabla hajafika getini. Kidonda kilikuwa kimegeuka rangi, na chumba kizima kikapata harufu yake.

Nilikitazama. Miaka thelathini na moja nimetoza watu faini kwa maji, na sijawahi kuona aibu kama ile. Nikasimama, nikamshika Aminieli mkono, tukaenda zahanati.

Nesi alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Alipoona mguu aliacha.

"Lini hii?"

"Wiki ya tatu," Aminieli akasema.

"Kwa nini hukuja?"

Aminieli akanitazama mimi. Nikasema yote. Zamu, watu watano, Yudith getini, tangawizi. Alikuwa amenipa mgongo, anasafisha kidonda, na Aminieli anakunja meno. Nilipomaliza hakugeuka.

"Kwa hiyo hamkunichoka," akasema.

"Nani akuchoke?"

"Nyie. Nilijua mmesema Mmasai arudi kwao, na mna adabu, hamuwezi kuniambia. Walinipigia simu kutoka wilayani kuniuliza kama nina sababu ya kubaki. Nikasema sina."

Akafunga kidonda. Akampa Aminieli vidonge na maelekezo, akamchoma sindano, akanawa mikono. Ndipo akanigeukia, na alikuwa amekasirika.

"Babu, mimi siyo ndiva."

"Najua."

"Hujui. Maji ukiyaacha usiku, asubuhi yamejaa. Mimi ukiniacha sijai. Dawa zinaletwa kwa hesabu ya kile kitabu. Wauguzi wanapangwa kwa hesabu ya kile kitabu. Mwaka juzi niliandika naomba mwenzangu wa pili, na kitabu kilikuwa kinanisemea, watu mia tisa, nesi mmoja. Nilikuwa kwenye orodha. Nyie mkaenda mkawaambia hapa hakuna mgonjwa. Nilikuwa napungukiwa mtu, mkanifanya nionekane nimezidi."

"Tulitaka upumzike."

"Nimepumzika. Miezi mitano nimekaa nikijiuliza nimefanya kosa gani. Na huyu wiki nyingine moja angekatwa mguu."

Aminieli akasema, "Nesi, hilo usinisimulie."

Alitulia. Akakaa kitini. "Nani mwingine anasubiri?"

"Wengi," nikasema.

"Waleteni. Siku zilizobaki zote. Lakini asiyeumwa simwandiki, hata awe wewe."

Kesho yake asubuhi Gadiel akapiga baragumu la msaragambo. Msaragambo kwetu ni kazi ya pamoja, kama kuzibua mfereji au kujenga darasa. Zahanati yenyewe tuliijenga hivyo. Likilia kila nyumba inatoa mtu. Watu wakaja na majembe. Gadiel akawapeleka mpaka uwanja wa zahanati akawaambia, "Wekeni majembe chini. Leo kazi ni kuumwa. Anayeumwa akae kwenye mstari. Mzima alete kuni na maji kwa Yudith. Nyumbani kuna mgonjwa, kamlete."

Mstari ukafika barabarani.

Walikuwapo waongo. Mzee Eliezeri aliingia ameshika kiuno, analia. Nesi akambonyeza hapa na pale, akamwambia ainame, akainama vizuri kabisa.

"Mzee, unaumwa au unanipenda?"

"Vyote viwili, nesi."

"Kuni ziko kule."

Lakini kila aliyevuka miaka arobaini alimpima presha, hata aliyekwisha kumfukuza, na hapo ndipo tulipojua tulichokuwa tumekifanya. Eliezeri aliitwa tena kutoka kwenye kuni, presha yake ikakutwa iko juu. Mtoto wa darasa la tano alikuwa na sikio linalotoa usaha tangu mwezi wa sita, si wa kuchemka, kwa hiyo alisubiri. Mama mmoja alikuwa anakohoa wiki ya nne. Huyo alichukuliwa makohozi yakapelekwa Same.

Victoria alikaa kitini na maneno yake tayari. Nesi akapima. Akapima tena mkono wa pili. Mia na tisini na nane. Victoria akafungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona hivyo toka nimwoe dada yake. Nesi hakumtania. Alimpa kidonge, akamlaza kwenye kitanda cha ndani, na kila baada ya mgonjwa mmoja alikwenda kumtazama. Mchana ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimekaa nje ya ule mlango. Ningezika wawili mwaka mmoja.

Mimi sikukaa kwenye mstari. Siku ya tatu akaniita kwa jina.

"Babu Loth. Njoo ndani."

"Siumwi."

"Kaa. Unakula?"

"Nakula."

Yudith akasema akiwa mlangoni, "Anakula mkate na chai ya rangi. Tangu mwezi wa tatu."

Nikapanda kwenye mzani. Nilikuwa nimepungua kilo nane. Nesi akaandika.

"Umeniandika ugonjwa gani?" nikauliza.

"Jina lake ni refu. Utakuwa unakuja kila Alhamisi nikupime uzito."

"Siku ya kitongoji changu ni Jumatano."

Akanitazama vile Dorkas alivyokuwa akinitazama. Nikasema Alhamisi ni sawa.

Kwa siku kumi na mbili waliandikwa watu mia nne na sitini, wote wagonjwa wa kweli au wa kliniki. Nesi alichoka. Lakini zamu hii alichoka anaimba.

Tarehe ishirini na tisa gari la ofisi likapanda kumchukua. Alikuja nalo Bwana Isihaka, mtu wa afya kutoka wilayani, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, miwani imemshukia puani. Alisimama na dereva wake wakatazama ule mstari.

"Mwenyekiti, hawa wametoka wapi?"

"Wa hapa hapa," Gadiel akasema.

"Miezi mitano hawakuwepo. Barua imekuja, wamekuwepo."

Gadiel akakohoa.

Isihaka hakuwa mtoto. Alivua koti, akaomba kitabu, akakaa kwenye meza ya nesi. Akachagua majina kwa kidole bila kufuata mstari, kumi na matano. Akasema waitwe. Akawapima mmoja mmoja mwenyewe. Eliezeri alipimwa. Victoria alipimwa, akamwambia, "Baba, mikono yako ya baridi." Alifungua kidonda cha Aminieli, akakitazama muda, akakifunga vizuri kuliko alivyokikuta. Ilichukua mpaka saa nane. Wote kumi na watano walikuwa na walichoandikiwa.

Akatoka nje akakaa kwenye benchi katikati ya watu.

"Kitabu ni cha kweli," akasema. "Sasa mtu aniambie hawa walikuwa wapi. Wameumwa wote wiki mbili hizi?"

Nesi alisimama mlangoni, mikono kwenye mifuko ya koti. Alijua, na hakusema.

"Nisipopata maelezo," Isihaka akasema, "itabidi niandike ninachokiona. Kwamba wagonjwa walikuwepo na nesi hakuwahudumia. Kwamba alikuwa hafungui. Hapo habari ya uhamisho itakuwa ndogo."

Nikamtazama nesi. Bado hakusema. Angeondoka na doa hilo kwenye jina lake, na asingetutaja.

Nikasimama. "Ni mimi."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Loth. Msimamizi wa maji."

"Maji yanahusu nini?"

Nikamweleza. Sikuwa na mengi. Nilimwambia habari ya mke wangu na ule mkono uliobanwa na kile kitambaa, na nesi amelala. Nilimwambia nilisema nini mkutanoni. Nikamwambia idadi nilipanga mimi, siku nilipanga mimi, na nesi hakujua mpaka wiki mbili hizi. Yudith akanyoosha mkono akasema na yeye alisimama getini. Gadiel akasema na yeye aliendesha mkutano. Wakaanza kunyoosha mikono mmoja mmoja, kama siku ile.

Isihaka alivua miwani.

"Mzee, mlimpumzisha?"

"Ndiyo."

"Bila yeye kujua?"

"Angekataa."

Akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko kirefu. Akajifuta macho akasema, "Mimi nafasi za wauguzi nilizonazo, karibu nusu hazina mtu. Nikiziba huku nimefungua kule. Kila mwezi nafanya hivyo. Nahamisha kwa namba kwa sababu sina kingine cha kutazama."

Nikasema, "Uwe unakuja kutazama."

"Mlima wenu huu, mzee, gari langu lina mafuta ya kupanda mara moja kwa miezi mitatu."

"Basi mara hiyo umepanda."

"Nimepanda," akasema. Akatoa karatasi, akaandika yote niliyosema, akanisomea, akaniambia nisaini. Nikaandika jina langu. Ilinichukua muda na watu wote wakasubiri. Gadiel na Yudith wakasaini chini yangu.

Nesi akauliza, "Begi nipakie?"

"Barua hii sikuisaini mimi, kwa hiyo siwezi kuichana," Isihaka akasema. "Naweza kuandika nyingine. Endelea na kazi mpaka usikie."

Gari likashuka tupu. Tulilitazama mpaka kona ya chini.

Siku zile zilikuwa ndefu. Begi lake lilikaa limefungwa nyuma ya mlango. Tarehe mosi ikapita, hakuna neno. Tarehe tano. Tarehe kumi. Alifanya kazi, na watu walikwenda wakati wanaumwa, siku yoyote, na hakuna aliyesimama getini. Mimi nilikwenda Alhamisi mbili. Yudith alikuwa ananiletea makande jioni, na nilikuwa nayala kwa sababu mzani hauongopewi.

Tarehe kumi na sita asubuhi nilikuwa ndivani, nafungulia maji ya watu wa chini. Nikamwona anapanda njia ya shamba, peke yake, koti lake jeupe amelikunja mkononi. Hajawahi kuja kule. Nikajua ni habari, sikujua ipi. Akafika, akavuta pumzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Wamepiga simu. Nabaki."

Nikasema, "Haya."

Halafu nikakaa kwenye ukingo. Akakaa pembeni yangu. Akaniuliza kama nasikia kizunguzungu, nikasema hapana. Akanishika mkono pale wanaposhika kuhesabu mapigo, na sijui kama alihesabu. Maji yalikuwa yanatoka vizuri. Tulikaa mpaka bwawa likafika nusu. Watu wa chini walichelewa kufunga siku ile wakapata maji zaidi ya haki yao, na sikumtoza mtu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nesi wa pili akaja. Anaitwa Sharifa, mtu wa Tanga. Alishuka kwenye pikipiki anatetemeka, akauliza kama baridi hii ni ya kila siku. Nashipae akampa blanketi lake moja. Wanagombana habari ya chai, mmoja anataka iliki, mwingine anataka maziwa mengi. Kitabu wanaandika kwa kupokezana. Bado wanatakiwa wengine wawili, kwenye karatasi.

Sharifa alipozoea, Nashipae akachukua likizo. Ya kwanza toka aje kwetu. Siku ishirini na nane. Alipopanda pikipiki na begi lake, wanawake wa karibu walitoka nje wakasimama njiani, na Yudith alishika begi mpaka dereva akamwambia aliachie. Nesi akasema, "Nakwenda kumwona mama, siyo kufa."

Alhamisi zile Sharifa ndiye aliyenipima. Nimeongeza kilo tatu. Aliniuliza nani ananipikia, nikamwambia siku hizi napika mwenyewe, Dorkas aliniacha na sufuria zote.

Siku ya ishirini na tisa, Jumatatu, nilikuwa kwenye benchi na kikohozi. Tulikuwa wengi, tumebanana mpaka ukutani, wengine wamekaa chini wamenyoosha miguu. Pikipiki ikapanda. Nashipae akashuka, akalipa, akaja. Hakuna aliyeinuka. Alituruka miguu mmoja mmoja akisema samahani, samahani, akaingia ndani, na baada ya muda kidogo tukamsikia anaita jina la kwanza.